Leo sina mwili

Daktari alibonyeza viungo vyangu kimoja baada ya kingine, na kila alipobonyeza alinitazama usoni, si mkononi. Alianza na mabega, akashuka kwenye viwiko, akafika kwenye vifundo vya mikono, kisha akakaa sana kwenye vidole, pingili kwa pingili, taratibu, kama mtu anayehesabu tasbihi. Akamalizia na magoti. Viungo 28 kwa jumla. Vilivyouma vilikuwa 14, vilivyovimba 9. Alivitia alama kwenye mchoro wa mtu asiye na uso. Halafu akanisogezea karatasi yenye mstari mmoja wa sentimita 10. Upande wa kushoto paliandikwa "hakuna maumivu", upande wa kulia "maumivu yasiyovumilika". Akaniomba niweke alama mahali nilipo. Niliikamata kalamu kwa kiganja kizima kwa sababu vidole havikukubali kukunjika, nikaweka alama yangu karibu kabisa na mwisho wa kulia.

Swali la uchovu hakuuliza, na mimi sikulileta. Mwezi ule nilikuwa nimeshaitwa mvivu mara mbili: mara moja na mdogo wangu, kwa utani, na mara moja na mimi mwenyewe mbele ya kioo, bila utani hata chembe. Sikutaka kulisikia neno hilo mara ya tatu kutoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe.

Imepita miaka minne. Naandika kwa ajili ya mtu aliyepewa wiki hii jina la ugonjwa huu, baridi yabisi, amerudi nyumbani na pakiti za dawa, na anashangaa mbona kila mtu anamuuliza habari za maumivu tu. Maumivu yapo, nami nitayasema. Ila mimi kilichonilaza chini kilikuwa kingine, na kilikaa miezi mingi bila kutajwa na mtu.

Ugonjwa ulianzia kwenye nyayo. Asubuhi nikishuka kitandani nilihisi ninakanyaga kokoto, pale mbele ya unyayo chini ya vidole. Nikabadilisha viatu. Baada ya wiki kadhaa ukaja mikononi, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana ulikuja mikono yote miwili kwa wakati mmoja: kidole cha kati cha kulia na cha kati cha kushoto, kana kwamba mkono mmoja umeuambukiza mwenzake. Nikawa naamka siwezi kukunja ngumi. Pete haivuki kifundo. Ilinichukua saa nzima, siku nyingine saa moja na nusu, kabla mikono haijalegea kiasi cha kushika kikombe. Sikujua kwamba muda huo ni dalili. Viungo vilivyochakaa kwa umri navyo hukaza asubuhi, lakini kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa. Vikikaza zaidi ya hapo, tena vikiwa vimevimba, ni jambo la kumpelekea daktari mapema.

Mimi nilinunua diklofenaki nikaishi nayo miezi mitano. Dawa za jamii hiyo hupunguza maumivu na uvimbe, lakini hazizuii kiungo kuliwa, na ukizimeza ovyo zinaumiza tumbo na figo. Zilinipa nafuu ya kutosha kunichelewesha. Katika mambo yote nitakayoyasimulia hapa, hili ndilo ninalolijutia, kwa sababu mifupa huanza kuharibika mapema, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na dawa za kweli hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa katika miezi ile ya kwanza.

Siku niliyokubali kwamba kuna jambo ilikuwa siku ya shati. Mwanangu alikuwa na miaka 6, amesimama mbele yangu amevaa shati la shule lililo wazi, kidevu juu, anasubiri. Kifungo kidogo cheupe, matundu manne, uzi umefumuka kidogo. Kidole gumba kilikifikia, kidole cha shahada kikakifikia, lakini vilipokutana havikuwa na nguvu ya kukisukuma kipite tunduni. Kikateleza. Nikakishika tena, kikateleza tena, na maumivu yakapanda kutoka kwenye kifundo cha kidole hadi kwenye kiwiko. Akaniangalia. "Mama, acha nifunge mwenyewe." Akafunga, akaruka tundu moja, upande mmoja wa shati ukawa mrefu kuliko mwingine. Nikamwacha aende hivyo hivyo.

Kisha vikaja vipimo vya damu, picha za mikono na miguu, na jina.

Jina letu kwa Kiswahili ni baridi yabisi, na limenipa kazi. Yabisi ni kitu kilichokauka kikawa kigumu, na hapo jina limesema kweli: asubuhi mwili wangu ni yabisi. Lile neno baridi ndilo linalotupotosha. Kila aliyesikia alinionya nisishike maji baridi, nivae soksi, nisilale sakafuni, kama vile ugonjwa niliutafuta kwa uzembe. Wakati huohuo goti langu lilikuwa la moto. Ukiligusa kwa mgongo wa mkono unadhani umegusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Baridi inaweza kuzidisha maumivu kwa baadhi yetu, mimi nikiwemo. Haiuleti ugonjwa. Halafu jina hilo moja limebeba magonjwa kadhaa. Kuna viungo vilivyolika kwa umri na kazi. Kuna jongo, inayoletwa na asidi ya yuriki. Na kuna huu wetu, ambao hospitali huuita arithritisi ya rumatoidi. Ni daktari Mwingereza, Alfred Garrod, aliyeupa jina hilo mwaka 1859, katika kuutenganisha na jongo. Tofauti si ya maneno tu, maana dawa za ugonjwa mmoja haziutibu mwingine.

Wetu ni mwili kujipiga wenyewe. Ndani ya kiungo kuna utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha, na kinga ya mwili, kwa kosa, inauona utando huo kama adui. Unavimba, unanenepa, unatambaa juu ya gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa, na kuanza kuila, halafu unaingia kwenye mfupa. Nilimuuliza daktari nimekosea nini. Akasema sijakosea kitu. Kuna urithi kidogo, kuna uvutaji wa sigara kwa wanaovuta, na mengine hayajulikani. Na akanitajia makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, karibu asilimia 70 wakiwa wanawake. Nilikuwa nimeingia chumbani mle nikiwa peke yangu duniani. Idadi ile ilinisaidia kuliko nilivyotarajia.

Niliandikiwa dawa mbili za kuanzia. Ya kwanza ilikuwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, dozi ndogo ya muda mfupi, na sitasahau siku zile. Siku ya pili niliamka, nikanyoosha mkono kuchukua simu, nikakaa na simu mkononi dakika nzima kabla sijagundua kwamba nimeishika bila kuuma. Nikafua, nikapiga deki, nikapanga kabati, nikawapigia watu simu kuwaambia nimepona. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1948 daktari Philip Hench na wenzake katika kliniki ya Mayo, Marekani, walimdunga kotisoni, dawa ya jamii hiyohiyo, mwanamke wa miaka 29 ambaye ugonjwa huu ulikuwa umemfungia kitandani, na baada ya siku chache akawa anatembea. Miaka miwili baadaye Hench alipata tuzo ya Nobel. Ndipo madhara ya kuitumia kwa wingi na kwa muda mrefu yakaonekana: mifupa kupungua uimara, sukari kupanda, uso kuvimba. Kwa hiyo kwa wengi wetu steroidi ni daraja la kuvukia wakati dawa kuu inasubiriwa kufanya kazi, na haiachwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Yangu ilipopunguzwa, nafuu ile ikapungua nayo, na nililia kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Dawa kuu ni methotreksati. Narudia alivyonirudia mfamasia wangu, akiniangalia machoni: mara moja kwa wiki. Si kila siku. Kuimeza kila siku kwa kukosea kumeshaua watu. Nilichagua Ijumaa usiku na nikaandika neno IJUMAA kwa wino mwekundu juu ya pakiti. Asidi ya foliki hunywewa siku nyingine ili kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu, pombe inapunguzwa sana au kuachwa, na mwanamke anayetaka kubeba mimba azungumze na daktari mapema, maana dawa hii haiendani na ujauzito. Kwa kuwa inatuliza kinga, homa isiyo ya kawaida si ya kulala nayo. Na kiungo kimoja kikivimba ghafla kikawa cha moto kuliko vingine vyote, ukiwa na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu huenda kimeingiwa na maambukizi.

Kinachokatisha tamaa ni kusubiri. Dawa hii huchukua wiki 6 hadi 12. Wiki ya tano nilitaka kuiacha. Wiki ya tisa nilikuwa nashuka ngazi nikiwa na mawazo mengine kabisa, nikafika chini, nikasimama. Nilikuwa nimeshuka mguu mmoja mmoja. Kwa miezi saba nilishuka ngazi kwa kuweka miguu yote miwili kwenye kila kipago, mkono ukutani. Nikapanda tena juu kuhakikisha, nikashuka tena.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Viungo vilitulia, uvimbe ukashuka, pete ikavuka. Ila mimi sikurudi. Nilikuwa naamka baada ya saa tisa za usingizi nikiwa kama niliyekesha. Kuoga kulinihitaji kukaa kitandani na taulo robo saa kabla ya kuvaa. Katikati ya sentensi nasahau nilichokuwa nasema. Kazini nilijifunza kuegemea ukuta wa korido nikijifanya nasoma tangazo. "Mbona umependeza, umeshapona kabisa," mwenzangu mmoja aliniambia siku ambayo asubuhi yake nilitaka kumwomba mume wangu anivalishe viatu. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maumivu angalau yana uvimbe, yana wekundu, mtu anaona mkono wako anasema pole. Huku kwingine hakuna cha kuonyesha.

Na neno lenyewe halitoshi. Uchovu ni wa mtu aliyefanya kazi. Analala, anaamka, umeisha. Ninaousema mimi unakuja bila kazi na hauondoki kwa usingizi. Neno lililo karibu zaidi ni kunyong'onyea, mwili kulegea na kuishiwa kutoka ndani, mikono na miguu ikawa mizito kuliko mwenyewe. Nilipolipata neno hilo niliacha kusema "nimechoka". Nimechoka ni neno ambalo kila mtu anaweza kulijibu kwa "hata mimi".

Mwaka mmoja na nusu tangu siku ile ya kwanza, nilikaa tena mbele ya daktari yuleyule. Akabonyeza. Viungo vilivyouma viwili, kilichovimba kimoja. Karatasi ileile, mstari uleule. Nikaweka alama yangu karibu na kushoto. "Vizuri sana," akasema, na alikuwa na haki ya kufurahi, alikuwa amefanya kazi nzuri. Nikamwambia, "Daktari, swali langu halimo kwenye mstari huu." Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamweleza habari ya taulo, na ya ukuta wa korido. Akanyamaza, akaichukua karatasi, akachora kwa mkono mstari wa pili chini ya ule wa kwanza, umepinda kidogo, upande mmoja akaandika "nguvu zote", upande wa pili "sina kitu". Nikaweka alama kule mwisho. Akaitazama kwa muda.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Hakuniita mvivu. Alipima wingi wa damu, akakuta imepungua, jambo la kawaida kwa mtu mwenye uvimbe wa muda mrefu mwilini. Alipima tezi ya shingo. Akauliza ninaamka mara ngapi usiku, na maumivu huniamsha mara ngapi. Akauliza, kwa upole, kama bado kuna vitu vinanifurahisha, na hapo ikabainika kwamba sonona nayo ilikuwa imeshaingia ndani ya nyumba ikakaa, jambo linalowapata wengi wenye ugonjwa huu na linalotibika. Kila kimoja kilishughulikiwa peke yake. Hakuna dawa iliyokuja kuuondoa uchovu wote kwa siku moja. Lakini ulipunguzwa pembe zake, moja baada ya nyingine.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenieleza kwa nini. Seli za kinga zinapopigana huambiana kwa kemikali ziitwazo saitokini, na kemikali hizo hazikai kwenye kiungo. Huingia kwenye damu, na ujumbe wake hufika kwenye ubongo. Ni ujumbe uleule unaoupata ukiwa na mafua makali: lala, usitamani chakula, usitake kuonana na watu, tunza nguvu kuna vita. Mwenye mafua anaambiwa hivyo siku tano. Wewe, akaniambia, unaambiwa kila siku. Mojawapo, inayoitwa interlukini-6, hupanda usiku kuelekea alfajiri, na ndiyo sababu mojawapo ya asubuhi zetu kuwa nzito vile. Na wakati mwingine, hata viungo vikitulia, uchovu hubaki nyuma.

Nilitoka mle nikiwa na mwili uleule, lakini sikuwa tena na kesi ya kujibu. Uchovu ni ugonjwa wenyewe, kama vile goti lililovimba ni ugonjwa wenyewe. Naomba usomaye ulishike hili hata kama utasahau mengine yote, na umwambie daktari wako hata asipouliza. Mficha maradhi, mauti humuumbua. Na kuna kufa kwingine kwa polepole, kwa kuacha watu na vitu kimoja kimoja bila kusema sababu.

Muuguzi huyohuyo alinipa kazi ya daftari. Wiki mbili, kila siku: nimefanya nini, kwa muda gani, na kesho yake nilikuwaje. Nilidhani nitaona kwamba siku mbaya zinafuata siku mbaya. Daftari lilisema tofauti. Siku mbaya zilifuata siku nzuri. Jumanne nimeamka vizuri, nimefua mashuka, nimekwenda kazini kwa miguu, jioni nimepanga stoo iliyonikera kwa miezi. Jumatano nimefanya kidogo tu. Alhamisi nimelala, mapazia yamefungwa. Kila nilipopewa nguvu nilizitumia zote siku hiyohiyo, kwa hofu kwamba hazitarudi, na kwa hofu hiyo nikazizuia kurudi.

Kwa hiyo sehemu ngumu ya kuishi na ugonjwa huu, kwangu, imekuwa siku nzuri. Siku mbaya haihitaji uamuzi wowote, umelala tu. Siku nzuri ndiyo inayokutaka usimame katikati ya kazi unayoiweza, uache mashuka mawili ndani ya beseni, ukae. Naweka saa ya simu dakika 20. Ikilia naacha, hata kama limebaki shati moja, na hasa kama limebaki shati moja. Mwanzoni nilihisi nadhalilishwa na mlio ule. Ilinichukua miezi kuuona kama akiba, na akiba haiozi. Wiki zangu sasa hazina vilele vya zamani, lakini hazina tena mashimo yale ya siku tatu.

Upande wa pili wa jambo hili sikuuamini nilipoambiwa: mwili ulionyong'onyea unahitaji mazoezi. Nilikasirika kabisa. Mtaalamu wa fiziotherapia hakubishana nami. Alisema tuanze na dakika tano za kutembea, siku tano kwa wiki, tusiongeze hata nikijisikia vizuri mpaka wiki mbili zipite. Leo natembea nusu saa siku nyingi, na mara mbili kwa wiki nanyanyua vizito vidogo na kusimama na kukaa kwenye kiti bila kutumia mikono. Hakuna kitu kingine nilichofanya mwenyewe kilichopunguza uchovu kama hiki. Ugonjwa ukichachamaa napunguza, nabaki na kunyoosha viungo tu, kisha narudi pole pole.

Mikono ina mambo yake. Mtaalamu wa tiba kazi alinitazama nikikamua nguo akaniomba niache papo hapo. Kukamua ni kupinda kifundo cha mkono kwa nguvu zote kuelekea upande ambao ugonjwa tayari unaupeleka. Sasa nguo nzito naizungusha kwenye bomba, nashika ncha mbili pamoja, naisokota kwa mikono mizima, au naianika ikichuruzika. Sufuria nainua kwa viganja viwili, si kwa mkia wake. Mfuko haukai tena vidoleni, unakaa kwenye mkono karibu na kiwiko. Kalamu nimeizungushia sponji ikawa nene, na ufunguo wa mlango nimeufunga kipande cha mpira ili niuzungushe kwa kiganja. Asubuhi, beseni la maji ya uvuguvugu: mikono ndani, kufungua na kufumba, mara kumi, vidole vinaanza kama vya mti na polepole vinakuwa vyangu. Kiungo kilichokaza hupenda joto. Kilichovimba kikawa cha moto, changu hupenda kitambaa cha baridi, dakika kumi hivi. Wewe jaribu ujue chako kinapenda nini.

Kuomba msaada ndiko kulikochelewa kuliko yote. Huwa namfikiria Auguste Renoir, mchoraji Mfaransa aliyeugua ugonjwa huu kuanzia miaka ya 1890 na akachora hadi mwaka aliofariki, 1919. Picha zake za uzeeni zinamwonyesha kwenye kiti cha magurudumu, vidole vimejikunja, viganja vimezungushiwa vitambaa. Watu husimulia kwamba brashi ilifungwa mkononi mwake. Sivyo. Vitambaa vilikuwa vya kuilinda ngozi, na mtu alikuwepo wa kumwekea brashi kati ya vidole. Akishawekewa, aliishika na kuchora mwenyewe. Namfikiria yule aliyeiweka, asubuhi baada ya asubuhi, bila kuinyang'anya ile brashi akasema ngoja nikuchoree.

Mume wangu alikuwa wa kunyang'anya. Kwa upendo, lakini alinyang'anya: hapana, lala, nitafanya mimi. Siku nyingine hakuona kitu, akasubiri chai. Tuligombana kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya fedha. Nilitaka ajue bila kuambiwa, na yeye alitaka kuambiwa bila kukosea. Mwishowe, usiku mmoja, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nilimwambia kitu ambacho hadi leo siwezi kukisema vizuri zaidi: "Leo mikono ninayo. Mwili ndio sina." Akaelewa. Tangu hapo hiyo ndiyo lugha ya nyumba yetu. Sina mikono maana yake viungo vinauma, nifungulie chupa, lakini twende matembezini, kichwa kipo. Sina mwili maana yake hakuna kinachouma sana, usiniulize kinauma wapi, nipunguzie maneno, kaa karibu. Kuna siku sina vyote viwili. Siku hizo hatuzungumzi sana, na nimejifunza kutoziogopa kama zamani, maana daftari linaonyesha kwamba zimekuja mara nyingi na kila mara zimepita.

Wazazi wangu bado wanauliza nitamaliza dawa lini. Nawajibu ukweli: kwa sasa hakuna kumaliza. Kuna kutulia, na wengine wanatulia vizuri sana kwa miaka. Methotreksati pekee haikunitosha, nimeongezewa dawa nyingine, haidroksiklorokwini, na kwa ajili yake macho yangu hukaguliwa. Zikishindwa zipo sindano za kisasa zinazozuia zile saitokini moja kwa moja, kazi iliyoanzia kwa watafiti Marc Feldmann na Ravinder Maini mjini London mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sijafika huko. Najua mlango upo.

Jana ilikuwa siku nzuri. Nilianika nguo hadi saa ya simu ikalia, nikaacha, nikakaa barazani. Beseni lilikuwa limebaki na nguo sita au saba. Mwanangu, ana miaka 10 sasa, alitoka ndani, akaliangalia beseni, akaniangalia mimi.

"Mama, leo una mikono?"

"Mikono ninayo."

"Na mwili?"

"Nusu."

Akaburuta stuli akaiweka chini ya kamba, upande wa kivuli, akaanza kunipokeza nguo moja moja nikiwa nimekaa.